Sura ya Tano: Baba wa Damu na Baba wa Ng'ombe

Malori yanayopakia mizigo katika bandari kavu ya Isaka kwenda Kigali na Bujumbura hupita Kahama, Masumbwe, Ushirombo na Runzewe kabla ya kufika Nyakanazi. Abiria wa basi hukiona kipande hiki cha barabara kama vumbi la machimbo, magunia ya mkaa na miombo inayozidi kupungua. Mtu anayefuatilia nasaba za kuumeni, yaani mstari wa baba, babu na baba wa babu, ana sababu ya kushuka garini. Ndani ya karne moja, ya 19, wanaume walitoka hapa wakaenda kutawala Katanga, na wanaume wengine wakaingia hapa wakihitimisha safari iliyoanzia kwa Wazulu.

Tuanze na waliotoka. Wasumbwa, wenyeji wa Bukombe, Mbogwe na sehemu za Kahama, walikuwa wachuuzi hodari wa chumvi, chuma na shaba. Mmoja wao, Kalasa, alizoea kwenda Katanga kununua shaba. Mwanawe Ngelengwa, ambaye dunia inamjua kwa jina la Msiri, alimfuata, na katika miaka ya 1850 akaamua kutorudi. Alijenga mji wa Bunkeya, akanunua bunduki kwa pembe na watumwa, akaoa wake kwa mamia kutoka kila upande wa himaya yake. Aliuawa Desemba 20, 1891 na msafara wa Kapteni Stairs, uliokuwa ukimfanyia kazi Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mwanawe Mukanda-Bantu alishika nafasi yake, na ukoo ukaendelea. Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga ilipojitenga mwaka 1960, alikuwa mjukuu wa Msiri. Wafuasi waliotoka naye Usumbwa ndio asili ya Wayeke wa leo.

Waliofika walikuwa Watuta, tawi la Wangoni. Baada ya vita vya kuinuka kwa dola ya Wazulu, Zwangendaba aliwaongoza watu wake kaskazini, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, wakafika Ufipa, na huko akafariki miaka ya 1840 ikielekea ukingoni. Jeshi likagawanyika. Kundi moja, Watuta, lilipanda hadi Unyamwezi na Usumbwa likiteka ng'ombe, wanawake na vijana. Chini ya Mpangalala likatulia katika nchi ya Runzewe na Kahama. Waliotoka Afrika Kusini walikuwa wachache. Waliofika wakiitwa Wangoni walikuwa wengi, kwa sababu kijana aliyetekwa njiani alifundishwa vita, akapewa ngao na kuhesabiwa mwenzao.

Je, damu ya wanaume wanaoishi leo kando ya barabara hiyo inaweza kusimulia safari hizi mbili? Inaweza kiasi, na kwa masharti. Masharti hayo ndiyo mwili wa sura hii. Nasaba ya kuumeni iliyomo mwilini inatunza kumbukumbu ya jambo moja tu: ni wanaume gani walipata watoto wa kiume, na watoto hao wakapata wengine. Haitunzi lugha, kabila, wala jina la ukoo. Usukuma na Usumbwa ni mahali pazuri pa kujifunzia tofauti hiyo, maana wazee wa huko waliijua kabla ya maabara.

Mikato ya sikio

Kila mwanamume ana kromosomu Y moja, aliyoipata kwa baba yake, ambaye naye aliipata kwa babu. Kromosomu nyingine huchanganywa kila kizazi, za baba na za mama, lakini sehemu kubwa ya Y hushuka bila kuchanganyika. Ina herufi zaidi ya milioni 62, na imejaa vipande vinavyojirudia kiasi kwamba mpangilio wake kamili ulichapishwa mwaka 2023 tu.

Mara mojamoja, herufi moja hukosewa wakati wa kunakiliwa. Wafugaji wa Usukuma hukata masikio ya ng'ombe ili wawatambue wakichanganyika na wa jirani. Sasa chukulia kwamba ndama dume angezaliwa akiwa tayari na mikato yote ya baba yake, na baada ya vizazi kadhaa ukazuka mkato mmoja mpya usiofutika. Ukiwapanga madume wa wilaya nzima kwa mikato yao, utajua nani wana babu mmoja wa karibu na nani waliachana zamani. Wanasayansi hufanya hivyohivyo. Wamechora mti wa wanaume wote duniani, wakayapa matawi makubwa herufi, na mikato yenyewe namba. Kusini mwa Sahara matawi yaliyoenea zaidi ni A, B na E, na mkato maarufu kuliko yote ni M2, ulio ndani ya E.

Hapa pana mtego. Mtu akihesabu vizazi kumi nyuma, ana nafasi 1,024 za mababu na mabibi. Kromosomu Y inafuata nafasi moja tu kati ya hizo. Wengine 1,023 wamemchangia damu, sura na maradhi ya kurithi, na Y haina habari zao. Ndiyo maana watu wawili wenye Y moja wanaweza kuwa mbali kabisa kwa mengine yote.

Waliotangulia

Mashariki ya Shinyanga kuna Meatu, wilaya iliyokuwa ndani ya mkoa huo hadi Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012. Huko, kuelekea Ziwa Eyasi, wanaishi baadhi ya Wahadzabe. Wanaume wao wengi wana tawi la B lenye mkato M112. Tawi hilo, kwa matagaa mengine, liko pia kwa Wambuti wa msitu wa Ituri na kwa Wasani wa kusini mwa Afrika. Matagaa hayo yaliachana makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, kwa hiyo undugu wao ni wa kale mno. Haina maana kwamba Wahadzabe ni watu wa kale waliosahaulika na wakati. Kila mtu aliye hai ana umri sawa wa nasaba. Wao walibaki na tawi ambalo sehemu nyingi lilimezwa.

Mifupa inaunga mkono. Mwaka 2022 watafiti walichapisha vinasaba vya wawindaji wa kale wa Afrika, wakiwemo waliozikwa Mlambalasi, Iringa, na katika pango la Kisese, Kondoa. Wa zamani zaidi kati ya watu wa utafiti huo waliishi takriban miaka 18,000 iliyopita. Joto la nchi zetu huharibu vinasaba haraka, hivyo kazi hutegemea zaidi mfupa mgumu wa ndani ya sikio, ambao hutobolewa unga kidogo tu. Unga huo ulionyesha kwamba wawindaji wa Afrika mashariki walikwisha kuchanganyika na wa kusini na wa msitu wa kati kabla jembe halijafika.

Kisha wakaja wafugaji. Huko Luxmanda, mkoani Manyara, palipatikana mifupa ya karibu miaka 3,000 ya mtu ambaye zaidi ya theluthi ya asili yake inahusiana na watu wa kale wa Mashariki ya Kati. Mwaka 2019 mifupa mingine ya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania ilichunguzwa, na wanaume wengi walikuwa na mkato mmoja, M293, ulio kwenye tagaa la E tofauti na la M2. Mkato huo uko leo kwa Wadatoga, ambao Wasukuma na Wanyamwezi huwaita Wataturu na ambao wanaishi Meatu na Igunga. Uko pia kwa Wasandawe, na, jambo lililowashangaza wengi utafiti wake ulipochapishwa mwaka 2008, uko kwa Wakhwe wa mpakani mwa Angola na Namibia. Wanaume waliochunga ng'ombe au kondoo walitoka Tanzania wakashuka kusini karibu miaka 2,000 iliyopita.

Chuma, na watu walioitwa Warongo

Tabaka la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Magharibi ya Ziwa Victoria, huko Kagera, wakulima walioyeyusha chuma walikuwapo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt, mwanaakiolojia Mmarekani, alisikiliza masimulizi ya wazee wa Kihaya kuhusu mfalme Rugomora Mahe na mnara wake wa chuma, akachimba Katuruka walikomwelekeza, akakuta mabaki ya tanuri za kale. Vyungu vya zama hizo, vinavyoitwa vya Urewe kwa jina la mahali huko Siaya, Kenya, vina nakshi za mistari shingoni na, mara nyingi, alama ya kidole iliyobonyezwa kitakoni.

Pamoja na jembe na tanuri zikaja lugha za Kibantu, na pamoja na lugha ukaja mkato M2. Uchunguzi wa Y za wanaume zaidi ya 1,200 kutoka pande zote za dunia, uliochapishwa mwaka 2016 na kuwajumuisha Waluhya wa Webuye, ulionyesha matagaa ya M2 yakichipuka kwa kishindo katika miaka 5,000 iliyopita. Kwa lugha ya nyumbani, wanaume wachache walipata wana wengi, na wana hao wakapata wengi zaidi, huku wakihamia mashariki na kusini. Mwaka 2024 utafiti mwingine, uliokusanya zaidi ya Waafrika 1,700, ulithibitisha kwamba watu walihama kweli. Lugha haikupokezwa mdomoni tu kutoka kijiji hadi kijiji.

Hapo ndipo swali la Bukombe linapokuwa gumu. Msumbwa ana M2. Mzulu ana M2. Myoruba ana M2, na Mmarekani mweusi wa Chicago naye, mara nyingi, ana M2. Kipimo cha juujuu kingewapa mjukuu wa Mtuta na jirani yake Msumbwa jibu lilelile. Kuwatenganisha kunahitaji kusoma Y nzima, kushuka hadi vijitagaa vyenye umri wa miaka mia chache, na kuwa na sampuli za kutosha za kulinganisha kutoka pande zote mbili. Kampuni inayomwambia mteja wake wa ng'ambo kwamba Y yake "ni ya Kisukuma" imempa zaidi ya ilichokiona.

Schmidt alifika pia kusini mwa ziwa, katika nchi ya Geita, kuwafuatilia Warongo, mafundi waliokuwa wakiyeyusha chuma hadi karne ya 20. Kwenye maandishi ya wakoloni wametajwa kama kabila. Schmidt alikuta jambo jingine: Urongo ulikuwa chama cha kazi. Wanaume wa koo na lugha mbalimbali waliingizwa kwa taratibu na miiko, wakaishi kambini mbali na wake zao wakati wa kuyeyusha, wakavukuta mivukuto, na wakitoka walikuwa Warongo. Jina lilirithiwa kwa ufundi. Mtu akichukua mate ya wajukuu zao leo akitafuta "Y ya Kirongo", atakusanya Y za nusu ya Maziwa Makuu.

Utemi usioacha alama

Jina la kazi linaweza kukusanya damu nyingi. Cheo nacho kinaweza kuzibadilisha kila baada ya kifo. Katika tawala nyingi za Usukuma na Unyamwezi, mtemi hakurithiwa na mwanawe. Alirithiwa na mtoto wa dada yake. Watu walikuwa na hoja nzito: mtoto wa dada ni wa damu ya utemi bila shaka yoyote, maana kila mtu alimwona nani alimzaa. Ni wakati wa utawala wa Waingereza ndipo sehemu nyingi zilipogeukia kurithisha watoto wa kiume.

Matokeo yake kwa mtu wa maabara ni makubwa. Mtemi aliyefuatwa na mpwa wake ameacha kiti kwa mwanamume mwenye Y ya shemeji yake. Mpwa naye akafuatwa na mpwa. Baada ya watemi sita, Y sita tofauti zimekaa kwenye kiti kimoja, ilhali kile kinachorithiwa kwa mama kimebaki kilekile. Nyumba ya utemi iliyotawala kwa karne mbili inaweza isiache alama yoyote ya kuumeni. Msiri, kwa upande wake, alitawala miaka isiyozidi 40, ila kwa wake zake wengi na kiti kilichopita kwa mwanawe, alama yake huenda ikasomeka Katanga kwa vizazi vingi. Nguvu ya mtu na ukubwa wa alama yake ni vitu viwili.

Jambo hili si la Tanzania pekee. Mwaka 2015 watafiti waligundua kwamba kati ya miaka 8,000 na 4,000 iliyopita aina za Y zilipungua ghafla sehemu nyingi za dunia, ilhali nasaba za mama hazikupungua. Miaka mitatu baadaye wengine wakapendekeza maelezo: koo za kuumeni zilipigana, ukoo ulioshindwa ukapoteza wanaume wake wote wenye Y moja, na wanawake wake wakachukuliwa na washindi. Msomaji aliyewasikia wazee wa Kahama wakisimulia habari za Watuta hatahitaji mfano mwingine.

Pwani yetu ina sura nyingine ya habari hiyo. Mwaka 2023 vinasaba vya watu 80 wa karne zilizopita, waliozikwa sehemu kama Mtwapa, Manda na Kilwa, vilionyesha kwamba kuanzia karibu mwaka 1000 wanaume kutoka Asia, hasa Uajemi, walizaa na wanawake wa Kiafrika. Y nyingi zilikuwa za Asia, nasaba za mama karibu zote za Afrika. Lugha waliyoisema watoto wao ilikuwa ya mama: Kiswahili. Bara, kwa wakulima wa M2, lugha iliambatana zaidi na baba.

Ng'ombe ndio cheti

Mwaka 1953 Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya Tanganyika, alichapisha kitabu cha sheria za Kisukuma. Kanuni moja inapita ndani yake kama uti wa mgongo: mtoto ni wa aliyetoa ng'ombe. Mahari ikilipwa, watoto wote wa mke ni wa mume na ukoo wake, hata yule ambaye majirani wanamnong'ona. Mahari isipolipwa, watoto ni wa upande wa mama, na mwanamume aliyewazaa akiwataka sharti awakomboe kwa ng'ombe. Ng'ombe walihesabiwa mbele ya mashahidi, rangi zao zikakumbukwa, na kesi ikizuka miaka 20 baadaye mzee aliweza kutaja ndama jike mwekundu aliyetangulia.

Kwa kanuni hiyo, baba wa damu na baba wa ng'ombe mara nyingi walikuwa mtu mmoja, na walipokuwa wawili, jamii ilijua ni nani wa kufuatwa. Ukoo uliendelea, mirathi iligawiwa, matambiko yalifanyika. Kromosomu Y ilikwenda njia yake kimyakimya, na kila ilipoachana na jina la ukoo hakuna aliyeumia.

Leo uchumi wa eneo hili unazitenganisha njia hizo kwa kasi zaidi. Mwamba wenye mistari ya chuma wa Geita ndio huohuo unaobeba dhahabu. Mgodi wa Geita ulichimbwa kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, ukafunguliwa upya mwaka 2000. Kabla mgodi haujafungwa, mpango wa kikoloni wa maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulihamasisha wakulima na wafugaji kuvuka kuingia Geita, nchi ya Wazinza, kwa kusafisha mapori ya mbung'o. Kisukuma kikatawala mahali pa Kizinza. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa.

Ukifika Rwamgasa au Nyarugusu utawakuta wachimbaji wadogo kutoka Mara, Kigoma, Tabora, Singida na kwingine. Duara moja lina mwenye eneo, mwenye mtaji wa matimba na pampu, na vijana wanaoshuka kwa kamba, wakilipwa kwa mifuko ya mawe yatakayopelekwa karasha. Ikisemekana kuna rashi mahali, kambi ya maelfu inasimama ndani ya juma, na mawe yakikata, inahama. Watoto wanaozaliwa hapo wana baba ambaye pengine yuko Chunya mwaka unaofuata. Hivi ndivyo mkato wa Y unavyohama: kwa kijana aliyesikia kwamba kwingine kuna riziki. Aliyefuata shaba Katanga, aliyefuata ng'ombe kusini na aliyeingia kwenye tanuri la Warongo walianza hivyohivyo.

Ubishi ukizuka juu ya mtoto kama huyo, kuna milango miwili. Mmoja ni wa wazee, na swali lao ni nani alitoa nini. Mwingine ni Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo hupima vinasaba kwa utaratibu wa Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na swali lake ni nani alizaa. Watu huiona milango hii kama mila dhidi ya sayansi, mmoja ukweli na mwingine ushirikina. Ukweli ni kwamba inajibu maswali mawili. Maabara haiwezi kusema nani alilea, nani atamzika bibi, wala mtoto huyu ni Msukuma au Msumbwa. Wazee hawawezi kusema nani alimpa ugonjwa wa selimundu aliourithi.

Vivyo hivyo kwa habari za kale. Mtu akisoma kwamba M2 "ni ya Wabantu" au M293 "ni ya wafugaji", amesoma takwimu za baba wa damu zilizobandikwa majina ya baba wa ng'ombe. Takwimu hizo zina thamani kubwa. Bila hizo tusingejua kwamba wachungaji wa Tanzania walifika Namibia. Thamani yake inaisha pale zinapotumiwa kuamua nani mwenyeji na nani mgeni Bukombe, ambako karibu kila ukoo umeingiza watu na kutoa watu.

Bado nusu ya hadithi haijaguswa. Wanawake waliotekwa na Watuta, wake wa Msiri, dada za watemi na mama waliolea peke yao kwenye kambi za machimbo hawamo katika Y hata kwa herufi moja. Wana kumbukumbu yao, inayoshuka kwa mama kwenda kwa watoto wote, na kwa mabinti ikaendelea. Kwa jinsi utemi wa Usukuma ulivyorithishwa, huenda kumbukumbu hiyo ikatueleza mengi zaidi kuhusu watawala wa nchi hii kuliko ile ya baba zao. Sura inayofuata inaifuata.